Pembetatu juu ya nguzo: jinsi Palladio alivyowaelewa vibaya Warumi na dunia ikamfuata

Ukiiona Ikulu ya Marekani kwenye taarifa ya habari, upande ule wa kaskazini wenye mlango mkubwa, utaona safu ya nguzo nyeupe na juu yake pembetatu pana. Umbo hilo hilo liko kwenye mahakama, benki za zamani, makanisa, vyuo, hadi nyumba za watu binafsi zinazojengwa leo pembeni ya barabara ya lami. Ukiuliza limetoka wapi unajibiwa haraka kwamba ni mtindo wa Kirumi, au wa Kigiriki, na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa hilo jibu ni kweli nusu tu. Mrumi wa kawaida, hata awe tajiri kiasi gani, hakuwa anaweka ile pembetatu juu ya mlango wa nyumba yake. Ilikuwa sura ya hekalu. Julius Caesar alipopewa ruhusa ya kuweka pembetatu kama ya hekalu kwenye nyumba yake, hiyo ilihesabiwa kuwa heshima ya kupitiliza, na Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Kirumi, akaitaja kwenye hotuba pamoja na heshima nyingine za kimungu alizorundikiwa Caesar. Nyumba ya mjini ya Kirumi iligeukia ndani, nje ukuta mtupu na uzuri wote uko uani, kama nyumba za mawe za Lamu.

Kwa hiyo nani aliitoa hekaluni akaileta mlangoni kwa mtu? Ni wasanifu wa Italia wa karne ya 15 na 16, kipindi tunachokiita Renesansi, na hasa mmoja wao, Andrea Palladio, na alifanya hivyo kwa kuamini kitu ambacho hakikuwa kweli. Mimi naona kisa hiki kinaieleza Renesansi vizuri kuliko yale maelezo ya kawaida kwamba "walifufua usanifu wa kale". Hawakufufua. Walikuwa na magofu, walikuwa na kitabu kimoja kigumu, vilivyobaki vyote walijaza wenyewe kwa akili yao, na mengi ya hayo waliyojaza ndo tunayoyaita ya Kirumi leo.

Tuanze na magofu. Roma mwanzoni mwa karne ya 15 ulikuwa mji mdogo tu uliokaa ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya watu wengi mno kuliko waliobaki. Foramu, pale palipokuwa kitovu cha dola nzima, palikuwa malisho, wenyeji wakapaita uwanja wa ng'ombe. Marumaru za mahekalu zilikuwa zinavunjwa na kuchomwa kwenye tanuri kupata chokaa ya kujengea nyumba mpya, na hili lilikuwa limeendelea kwa karne nyingi bila mtu kuona ajabu. Kilichosalimika vizuri kuliko vyote ni Pantheon, na kilisalimika kwa sababu kiligeuzwa kanisa mwaka 609. Hili ni jengo la enzi za Kaizari Hadrian, lilikamilika karibu na mwaka 126, na kuba yake ina kipenyo cha mita 43 na kidogo, zege tupu bila nondo hata moja. Ukuta wa kuba ni mnene kama mita 6 chini, unapungua mpaka kama mita 1.2 juu, na mchanganyiko wa zege unabadilika pia, chini mawe mazito, juu kabisa mawe mepesi ya volkano, halafu katikati wameacha tundu la karibu mita 9 ambalo jua na mvua vinaingia. Mpaka leo hakuna kuba ya zege isiyo na nondo iliyoipita kwa ukubwa. Fikiria mtu wa karne ya 15 anaingia mle ndani, anatazama juu, anajua kabisa kwamba hakuna fundi yeyote aliye hai anayeweza kujenga kitu kama kile, maana elimu ya zege la Kirumi ilikuwa imekatika.

Kitabu sasa. Ni cha Vitruvius, mhandisi aliyewahi kutumikia jeshi la Kirumi, aliyeandika De architectura, vitabu kumi, kwenye karne ya kwanza kabla ya Kristo na kumtunukia Kaizari Augustus. Huwa inasimuliwa kwamba kilipotea kabisa halafu kikapatikana ghafla, lakini sio hivyo, nakala zilikuwepo kwenye maktaba za watawa Enzi zote za Kati. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1416 msomi wa Firenze anaitwa Poggio Bracciolini alikutana na nakala kwenye monasteri ya St. Gallen huko Uswisi, na safari hii habari zikafika kwa watu wenye njaa nacho. Shida ni kwamba michoro yake haikusalia hata mmoja, na Kilatini chake kimechanganywa na maneno ya kifundi ya Kigiriki kiasi kwamba Leon Battista Alberti, msomi na msanifu wa Italia, aliyekisoma kwa bidii kuliko karibu wote, alilalamika kwamba Warumi wangedhani ameandika Kigiriki na Wagiriki wangedhani ameandika Kilatini. Unaambiwa nguzo ya Ioniki (moja ya aina za nguzo za kale, pamoja na Doriki na Korintho) ina kichwa cha namna fulani, huoni picha, unakwenda kwenye gofu kupima, unakuta kipimo hakifanani na kilichoandikwa. Nani mkweli, kitabu au jiwe? Hapo ndo palipokuwa uwanja wa kazi wa Renesansi yote.

Lakini kitabu kilikuwa na wazo moja zito lililowashika. Vitruvius anasema jengo lazima liwe imara, lifae matumizi yake, na lipendeze, na kupendeza si suala la kupachika urembo, ni suala la uwiano, kila sehemu ipimike kwa sehemu nyingine, kama mwili wa binadamu ulivyo. Nguzo ya Doriki, anasema, ilipata urefu wa mara sita ya unene wake kwa sababu mguu wa mwanaume, kisigino mpaka kidole, ni moja ya sita ya kimo chake, na ya Ioniki ikawa nyembamba zaidi kwa kufuata mwili wa mwanamke. Ule mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci wa karibu mwaka 1490, mtu kanyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba, ni maelezo ya Vitruvius yakiwekewa picha iliyokosekana.

Sasa hapa kuna fundo lingine la kufungua, kuba ya Firenze. Watu wengi huichukua kama mfano wa kwanza wa kurudi kwa Roma, na nadhani wanaikosea haki. Kanisa kuu la Firenze, Santa Maria del Fiore, lilianza mwaka 1296, na waliofuata wakaamua liwe na kuba kubwa ya pembe nane bila kujua itajengwaje, miongo ikapita na kanisa lina shimo wazi katikati. Mwaka 1418 yakatangazwa mashindano. Tatizo lilikuwa mbao. Tao au kuba ya kawaida ilijengwa juu ya fremu ya mbao inayoishikilia mpaka ifungike, na kwa upana ule, zaidi ya mita 42, kuanzia urefu wa zaidi ya mita 50 kutoka chini, fremu yenyewe ingekuwa msitu mzima. Filippo Brunelleschi, mfua dhahabu, mtu aliyeshindwa mashindano ya milango ya shaba ya mwaka 1401 na baadae kwenda Roma kupima magofu pamoja na rafiki yake mchongaji Donatello, akasema ataijenga bila fremu. Na akaijenga, 1420 mpaka 1436, matofali zaidi ya milioni 4.

Alifanyaje? Kuba ni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati kuna ngazi ambazo watu wanazipanda mpaka leo. Matofali yamepangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, yaani kila baada ya matofali kadhaa ya kulala kuna tofali limesimamishwa wima linalobana yale ya pembeni yasiteleze kabla chokaa haijakauka, na hivyo kila mzunguko ukikamilika unajishikilia wenyewe na mafundi wanaweza kusimama juu yake kuanza unaofuata. Kuna minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa chuma na mmoja wa mbao imezunguka kuba kuizuia isifunguke kwa nje. Akatengeneza na winchi ya kuvutwa na maksai, yenye gia za kubadilisha mwelekeo ili mnyama asilazimike kugeuzwa kila mzigo unapopanda na kushuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivi alichokikuta Pantheon kikiwa tayari, Pantheon ni zege, hii ni tofali, Pantheon ni nusu tufe, hii imechongoka juu kwa mchoro wa Kigothiki, mtindo wa Enzi za Kati, uliokuwa umeshaamuliwa kabla yake. Alichokipata Roma ni uhakika kwamba inawezekana, na tabia ya kupima.

Kama unataka kuiona Roma kwa Brunelleschi basi angalia kituo cha watoto waliotelekezwa, Ospedale degli Innocenti, alichoanza mwaka 1419 mji huo huo. Ni baraza tu, nguzo nyembamba na matao ya nusu duara. Ila nafasi kati ya nguzo na nguzo ni sawa na urefu wa nguzo, na sawa na kina cha baraza, kwa hiyo unatembea ndani ya safu ya miraba ya hewa. Hata mtu asiyejua hesabu anatulia akiwa pale. Na kuna utamu wa pekee kwamba umakini wote huo ulipewa watoto yatima kabla ya kupewa wafalme.

Aliyeyageuza haya kuwa elimu ni Alberti, ambaye kitabu chake kilikamilika karibu 1452 na kuchapwa 1485. Yeye alikutana na swali ambalo Vitruvius asingeweza kumsaidia, nalo ni kanisa. Hekalu la kale lina umbo moja, boksi lenye paa la pembetatu, na uso wake unafuata paa. Kanisa la Italia lina ukumbi mrefu wa katikati na kumbi fupi pembeni, ukilikata kwa mbele unapata umbo lenye mabega. Utalivisha vipi sura ya hekalu? Alberti kwenye Santa Maria Novella pale Firenze aliweka hekalu dogo juu, halafu akaficha mabega kwa mikunjo mikubwa ya mawe iliyojiviringa, na ile mikunjo ukiijua utaiona kwenye makanisa ya Wajesuiti kuanzia Roma mpaka Amerika ya Kusini. Kwenye Sant'Andrea ya Mantua, iliyoanza 1472, akachukua lango la ushindi la Kirumi, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na ibada, akalifanya mlango wa kanisa. Miaka mia baadae Palladio akatoa jibu lake kwenye kanisa la Redentore, Venezia, akapachika hekalu refu na jembamba mbele ya hekalu pana na fupi, pembetatu mbili moja ndani ya nyingine. Warumi hawakuwahi kujenga kitu kama hicho, na bado kila mtu anayekitazama anasema ni cha Kirumi.

Palladio mwenyewe alizaliwa Padova mwaka 1508, mtoto wa mtu wa kawaida, akafundishwa uchongaji mawe, na jina lenyewe la Palladio alipewa na bwana mmoja msomi wa Vicenza, Trissino, aliyemwona ana kipaji akampeleka Roma. Alikwenda mara kadhaa kupima. Hoja yake kuhusu nyumba ilikuwa hivi: watu lazima walijenga nyumba kabla ya mahekalu, kwa hiyo mahekalu yaliiga nyumba, kwa hiyo nyumba za kale zilikuwa na nguzo na pembetatu mbele. Ni hoja safi kabisa ukiisikiliza, na haikuwa kweli. Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ambako nyumba zao halisi zingeonekana, ilikuja kuanza kuchimbwa mwaka 1748, zaidi ya karne moja na nusu baada ya yeye kufa. Hakuwa wa kwanza kabisa kujaribu, Giuliano da Sangallo alishaweka uso wa hekalu kwenye nyumba ya Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze, pale Poggio a Caiano miaka ya 1480, lakini Palladio ndo aliyeifanya kuwa kanuni, nyumba baada ya nyumba, mpaka Villa Rotonda nje ya Vicenza ambayo ina uso wa hekalu pande zote nne na kuba katikati.

Na watu wanasahau kwamba nyingi ya hizi nyumba zake zilikuwa za shamba. Matajiri wa Venezia walikuwa wanahamishia pesa zao kwenye kilimo bara, wanahitaji mahali pa kukaa wakati wa mavuno, pa kuweka nafaka, mifugo na zana. Palladio akaweka nafaka juu darini, mabanda akayapanga kushoto na kulia kama mabawa yaliyofungwa na baraza moja ndefu, mwenye nyumba katikati nyuma ya nguzo. Na nguzo zenyewe mara nyingi ni tofali zilizopigwa lipu, hakuna marumaru. Hapa ndo penye siri ya kusambaa kwake. Hadhi ya hekalu kwa bei ya tofali na chokaa, kwa kutegemea uwiano tu.

Siri ya pili ni uchapaji. Mwaka 1570 alitoa I quattro libri dell'architettura, vitabu vinne vyenye ramani na michoro ya majengo yake pembeni ya yale ya kale, na vipimo vimeandikwa juu ya mchoro. Kitabu cha Vitruvius kilihitaji msomi, cha Palladio kilihitaji fundi mwenye rula. Mwingereza Inigo Jones alizunguka nacho Italia mwaka 1613 na 1614 akiandika pembeni ya kurasa, akarudi akajenga Queen's House ya Greenwich, nyumba nyeupe tulivu kwenye nchi iliyozoea mapaa yenye vilele na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Karne iliyofuata mabwana wa Uingereza na Ireland wakaikumbatia, na kutoka Dublin James Hoban akaenda Marekani kuchora Ikulu akiwa na Leinster House kichwani. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, alijenga nyumba yake ya Monticello na Chuo Kikuu cha Virginia kwa kumfuata Palladio, maktaba ya chuo ikiwa ni Pantheon kwa takriban nusu ya kipimo, na ukweli usioachwa nyuma ni kwamba tofali zile zilifyatuliwa na kupangwa na watumwa, kama ilivyokuwa kwa sehemu ya Ikulu yenyewe. Uwiano ulioanzia kwenye mwili wa binadamu ukabebwa na miili ya watu waliokuwa wananunuliwa, na kitabu hakikuwa na neno la kulizuia hilo. Mwaka 2010 bunge la Marekani lilipitisha azimio kumtambua Palladio kama baba wa usanifu wa Marekani. Mtu ambaye hakuwahi kuvuka bahari.

Kwetu huku Renesansi haikusubiri ukoloni wa Waingereza, ilifika mapema zaidi na kwa sura ya vita. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano. Palladio alikuwa amekufa miaka 13 tu, na kuba ya Mtakatifu Petro kule Vatikani, ile aliyoichora Michelangelo, ilikuwa imefungwa miaka 3 tu nyuma. Ukiitazama ngome kutoka juu unaona kama kiwiliwili cha mtu na viungo vyake, na UNESCO ilipoiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 ilitaja jambo hilo hilo, kwamba mpango wake unafuata imani ya Renesansi kuwa uwiano kamili unapatikana kwenye mwili wa binadamu. Zile pembe nne nene zilizochomoza ni uvumbuzi wa Italia pia. Mizinga ilipokuja, kuta ndefu nyembamba za zamani zikawa hazina maana, risasi ya chuma inaziangusha, kwa hiyo wakafupisha ukuta, wakaunenepesha, wakachomoza pembe ili askari wa pembe hii aweze kulinda mguu wa ukuta wa pembe ile na adui asipate pa kujificha. Ni jiometri tupu. Ila jiwe lake ni tumbawe na chokaa, na mwambao huu ulijua kujenga kwa tumbawe muda mrefu kabla ya Wareno, Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa na kuba zake mwanzoni mwa karne ya 14, miaka mia moja kabla Brunelleschi hajaanza ya kwake.

Wimbi la pili lilikuja na Waingereza. Herbert Baker, aliyekuwa amejenga Union Buildings za Pretoria, akapewa kazi Nairobi miaka ya 1920, na nguzo zikawa lugha ya serikali, mahakama na shule. Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 ina nguzo zake za graniti na simba wawili mlangoni, na miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nguzo zilimwambia nani anatawala. Kwa hiyo namwelewa kabisa mtu anayeziangalia kwa hasira, na vile vile namwelewa anayezipenda, maana leo maktaba ni ya watoto wa Nairobi na uwiano wake haukubagua mtu.

Na siku hizi zimerudi kwa hiari yetu. Pita barabara yoyote kubwa ya mji unaokua utakuta mafundi wanamwaga nguzo za zege kwenye kalibu na kuziuza kwa kipande. Zinanunuliwa kwa macho, ndo maana unakuta nguzo nyembamba kama fimbo imebeba baraza zito, au pipa fupi limesimama kwenye kibaraza kidogo. Kama unajenga na unazitaka, muulize fundi swali moja la Renesansi: unene wa nguzo pale chini unaingia mara ngapi kwenye urefu wake? Vignola, msanifu wa Italia wa wakati wa Palladio, alishalifanyia hesabu mwaka 1562, na urefu anaouhesabu unachukua kitako na kichwa cha nguzo pia. Doriki ni mara 8, Ioniki 9, Korintho 10. Nguzo ya unene wa sentimita 30 basi iwe mita 2.4 kwa Doriki, 2.7 kwa Ioniki, 3 kwa Korintho. Halafu isiwe bomba. Kuanzia kama theluthi ya kwanza kwenda juu inapungua polepole, mpaka ikifika shingoni imepoteza kama moja ya sita ya unene wake, ile ya sentimita 30 inabaki 25.